Nilivyotakiwa Kuthibitisha Kwamba Sijui Kusoma

Siwezi kukaa. Mwalimu Zuhura ameniwekea kiti, ameweka simu mezani inarekodi, ameniambia niseme tu, yeye ataandika halafu atanisomea nikague. Lakini nikikaa maneno yanakwama, nikitembea yanakuja. Kwa hiyo ukiona simulizi hii inaruka huku na huku, ujue imesemwa na mwanamke anayezunguka darasa tupu siku ya Jumamosi, anagusa madawati na kuchungulia dirishani kama vile kuna mtu anamsubiri.

Naitwa Kulwa. Nina miaka arobaini na tatu, ni mke wa Masunga na mama wa watoto wanne, na tunalima pamba na mahindi huku Itilima, si mbali na Lagangabilili. Ugonjwa wangu, kama ni ugonjwa, maana Mwalimu Zuhura hapendi niuite hivyo, hauna kidonda wala homa. Maandishi yananikataa. Nimeishi na hali hii tangu utotoni bila kujua ina jina, na mwaka jana nusura iniondolee mtu ambaye sikuwa tayari kumpoteza. Mtu huyo ni Milembe.

Milembe namwita mke mwenzangu kwa sababu tumeolewa na ndugu wawili: mimi kwa Masunga, yeye kwa mdogo wake Maduhu. Tulifika ukweni mwaka mmoja. Tumepika pamoja misibani, tumebebeana watoto, tumesemana na kupatana mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwaka jana aliamini kwamba nimeiua pamba yake makusudi. Kama na wewe una shida hii, au una mtoto mwenye nayo, usiziruke sehemu za aibu, maana hizo ndizo zenye faida.

Nilizaliwa Maswa, kijiji kimoja upande wa Sola, nikiwa pacha. Mwenzangu, Doto, alifariki tukiwa bado tunanyonya. Nilichelewa kusema, na nilipoanza nilichanganya majina ya vitu ninavyovijua vizuri kabisa. Nataka kibuyu, nasema kinu. Kulia na kushoto vilinisumbua hata baada ya wadogo zangu kuvijua. Nyumbani walicheka, nikacheka nao, kwa sababu kichekesho cha mtoto hakimuumizi mtu.

Shuleni haikuwa kichekesho tena. Darasa la kwanza tuliimba ba be bi bo bu, na mimi niliimba kwa sauti kuliko wote. Mwalimu akapenda, akaniita ubaoni, akaweka ncha ya fimbo kwenye silabi moja ya katikati. Sikuijua. Ikiwa ndani ya wimbo niliijua, ikisimama peke yake ilikuwa mgeni. Akadhani namfanyia mzaha mbele ya darasa. Nilipigwa siku ile, na nyingine nyingi baadaye, na kila mara nilirudi kwenye dawati nikiwa na hamu ya kukimbia tu, popote, hata mtoni.

Baadaye mwalimu akamwita baba. Akamwambia shida ni Kisukuma. "Nyumbani mnaongea Kisukuma kutwa, ndiyo maana Kiswahili cha vitabuni kinamshinda." Baba alikuwa mtu wa kutii serikali. Akapiga marufuku Kisukuma nyumbani kwa muhula mzima. Bibi yangu hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi, basi muhula ule bibi alikula kimya, anaonyesha vitu kwa kidole. Mimi sikujua kusoma wala bibi hakujua Kiswahili, na wote wawili tulionekana wakaidi. Muhula ulipoisha Kisukuma kikarudi, maandishi hayakurudi kwa sababu hayakuwahi kufika.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Kwetu mapacha wana tambiko lao, na Doto alipokufa msiba ulikuja juu ya msiba mwingine, tambiko halikumalizika. "Doto ameondoka na fungu lake na lako," alisema. Tukafunga safari ya siku nzima hadi kwa mganga upande wa Nyashimo. Hicho ndicho chumba cha kusubiria cha kwanza ninachokikumbuka: mkeka, ukuta wa udongo, mwanamke mwenye goti lililovimba, na mimi ninayeuliziwa na kila anayeingia, "Huyu mtoto anaumwa nini?" Bibi alijibu, "Shule." Nilioshwa kwa dawa, nikafungwa hirizi mkononi. Simcheki bibi. Yeye peke yake ndiye aliyetoka jasho kwa ajili ya shida yangu bila kunipiga.

Kufikia darasa la tano nilikuwa nimekuwa mwizi hodari. Rafiki akisoma ukurasa mara moja, mimi ninao wote kichwani, pamoja na pale alipokohoa. Nikiitwa kusoma nashika kitabu, natembeza macho, nasema. Siku nikisikia tutasoma kitabu kipya, tumbo lilinikata tangu asubuhi, nikashinda chooni. Tumbo likikataa kunisaidia, nilimchokoza mwenzangu hadi nitolewe nje. Watu wakasema Kulwa ni mkorofi. Nilikubali, kwa sababu mkorofi ana heshima zaidi kidogo kuliko mjinga. Nilifeli la saba nikamshukuru Mungu, nikadhani nimepona.

Ukubwani ugonjwa ukabadilisha nguo tu. Nilipoolewa, hakuna aliyenipa kitabu nisome, lakini karatasi zilinifuata kila mahali. Kadi ya kliniki ya mtoto wangu wa pili iliandikwa arudi tarehe kumi na mbili, mimi nikaona ishirini na moja. Nesi akaniita mama mzembe mbele ya benchi zima la wanawake. Nikanyamaza, maana uzembe nao una heshima kidogo. Nikajifunza kusema "nimesahau miwani", nami sijawahi kumiliki miwani. Ujumbe wa simu nilimpa mume wangu asome, nikijifanya nina unga mikononi. Kanisani nilishika kitabu cha nyimbo na kuimba beti zote. Wanawake wa kikundi chetu waliponichagua katibu kwa sababu sisahau neno lililosemwa kikaoni, nilikubali, halafu nikamwambia binti yangu Kabula mkono unaniuma, yeye akaandika. Mkono wangu uliuma miaka minne mfululizo.

Kinachochosha si kutosoma. Kinachochosha ni kuangalia mlango. Kila ukiingia mahali unatafuta karatasi iko wapi na utaipitaje. Mwili haupumziki. Nilikuwa na mabega magumu na kichwa kinachogonga, nikanywa dawa za maumivu, na hakuna aliyejua kwamba ni kazi ya kuficha.

Sasa nije kwenye pamba.

Huku kwetu mimi ni fundi wa bomba la kupulizia dawa. Wadudu wakiingia shambani naweza kubeba bomba mgongoni ekari mbili bila kupumzika, na napuliza sawasawa. Dawa nilizijua kwa mifuniko. Miaka yote chupa ndogo ya dawa ya wadudu ilikuwa na mfuniko mwekundu. Mwaka jana bwana shamba akatangaza mkutanoni kwamba msimu huu dawa imebadilika, mfuniko ni wa kijani. Nikaweka kichwani: kijani. Nilipuliza shamba langu, wadudu wakafa, nikaona mambo ni yale yale.

Mwezi wa pili Milembe alipata msiba kwao Maswa. Akanipitia akiwa ameshika mfuko. "Kulwa, funza wameanza kwenye vitumba. Nipulizie, nitakuta umemaliza." Nikamwambia aende salama, pamba yake ni yangu. Alikuwa ameniachia chupa yake stoo kwetu, juu ya rafu. Nisichokijua ni kwamba Masunga naye alikuwa ameleta kutoka Bariadi dawa ya kuua majani, kwa ajili ya kusafisha shamba la mahindi, akaiweka rafu ile ile. Chupa ya ukubwa ule ule. Mfuniko wa kijani.

Kwa kawaida ningenusa. Siku ile nilikuwa na mafua na kitambaa puani. Nikachanganya, nikapuliza ekari mbili za Milembe, mstari kwa mstari, kwa upendo wote. Nilirudi nyumbani najisifu.

Baada ya siku nne majani yakaanza kuwa manjano. Baada ya wiki yalikuwa yamejikunja, vitumba vinadondoka. Milembe alirudi msibani akakuta hivyo. Na mbaya zaidi ni kwamba mashamba yetu yanapakana, la kwake limekauka, la kwangu la kijani kabisa, na wiki mbili kabla ya hapo mimi na Maduhu tulikuwa tumegombana kwa sauti kuhusu mpaka ule ule. Hata mimi ningekuwa mtu mwingine ningesema Kulwa amefanya makusudi.

Milembe hakunipigia kelele. Asubuhi nilimkuta kisimani nikamwambia, "Mwangaluka." Akachota maji, akajitwika ndoo, akaondoka. Mtu wa kwetu anaitikia salamu hata ya adui. Nilibaki pale na ndoo tupu.

Kikao cha kwanza cha familia kilifanyika uwanjani kwa mama mkwe, mwezi wa tatu. Baba mkubwa wa kina Masunga alikaa kati. Nilisema nilikosea chupa.

"Chupa imeandikwa," Maduhu akasema. Yeye amefika kidato cha nne.

"Sikusoma."

"Hukusoma kwa nini?"

Nilimtazama Milembe, ambaye alikuwa anatazama miguu yake. Nikaona bora aibu kuliko hii. Nikasema neno ambalo sijawahi kulisema tangu nizaliwe. "Sijui kusoma."

Walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama unavyocheka mtu anapokwambia hajui kutembea. Baba mkubwa akasema, "Bebe, wewe Kulwa, si ndiwe katibu wa akina mama? Si umemaliza la saba? Si tunakuona na kitabu kanisani?" Maduhu akatoa mfukoni ile chupa aliyoichukua stoo kwetu, akaniwekea mbele ya uso. "Haya. Tuone."

Hapa ndipo naomba mnisikilize wenye shida hii. Nilikuwa nataka kushindwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nataka watu wanione nikishindwa. Lakini ulimi wangu ulikuwa na mazoea ya miaka thelathini na tano ya kuniokoa. Kila chupa ya dawa inaanza na maneno yale yale, nimeyasikia kwa mabwana shamba mara mia. Nikasikia mdomo wangu unasema, sawasawa, bila kukwama: "Soma maelekezo kabla ya kutumia."

Halafu Maduhu akasema polepole, "Mmeona? Anasoma."

Niliapa, nikalia, nikasema nimekariri. Hakuna aliyeamini, na wala siwalaumu. Tena ukweli ni kwamba si kwamba sioni kitu kabisa. Siku nzuri, bila haraka, nang'amua neno fupi, na la pili, halafu la tatu linavuruga yote. Mtu asiyejua kabisa anahurumiwa. Anayejua nusu anaitwa mwongo. Baba mkubwa akasema kikao kitakaa tena nikiwa tayari kusema kweli. Mpaka hapo nisiitwe kwenye kazi za pamoja za ukoo.

Masunga hakunitetea. Tulirudi nyumbani akiwa mbele hatua kumi. Mlangoni akageuka. "Miaka yote unaniambia una unga mikononi. Ulikuwa unanicheka?" Nikamwambia nilikuwa namwogopa. Lilimuuma kuliko la kwanza. Kwa wiki nyingi alikula, akashukuru, akatoka.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa bado zinanyesha, nilipanda gari hadi Bariadi hospitalini kutafuta karatasi. Niliwaza hivi: kama nina ugonjwa wa macho, daktari ataandika, Maduhu atasoma, mambo yataisha. Nilikaa benchi la kliniki ya macho tangu asubuhi. Kila mtu alikuwa na kitu cha kuonyesha, jicho jekundu, jicho lililofunikwa, mzee anayeongozwa na mjukuu wa kike. Mimi nilikuwa naamka na kukaa, naamka na kukaa, hadi mama mmoja akanipa muhogo wa kuchemsha akasema, "Kula, dada, utachimba shimo hapa." Nilikula. Ulikuwa wa baridi na mtamu, na nilikuwa sijapewa chakula na mtu kwa hiari kwa mwezi mzima.

Daktari alinionyesha alama ukutani niseme zimeelekea wapi. Nilionyesha kwa mkono, kwa sababu kulia na kushoto bado vinanichanganya nikiwa na wasiwasi. Akanimulika tochi. Akaandika. Nikamuuliza, "Daktari, umeandika kila kitu?" Akasema, "Kila kitu, mama." Foleni ilikuwa ndefu, akamwita mwingine. Nikakunja karatasi ile ndani ya kitambaa, nikaishika kifuani njia nzima.

Sikumpa mtu aisome kabla. Nilitaka isomwe mbele ya wote. Kikao cha pili kilipokaa, nilimpa Maduhu mwenyewe, kwa mikono miwili. Iliandikwa Kiingereza. Akaisoma kimya, akatafsiri: "Macho ya mgonjwa ni mazima. Hakuna tatizo lililoonekana."

Baba mkubwa akauliza, "Hiyo umeileta wewe mwenyewe?"

Nikajibu ndiyo. Nilianza kucheka, na kicheko hicho kiliniharibia zaidi. Ni mtu gani anapeleka ushahidi wa kujifunga mwenyewe? Ni mtu asiyejua kusoma. Lakini hakuna hata mmoja aliyeliona hilo, na mimi sikuwa na pumzi ya kulisema.

Mavuno nilichuma peke yangu. Mwaka mwingine Milembe angekuwa upande wa pili wa mstari, tunasengenya dunia nzima. Ng'ambo ya mpaka shamba lake lilikuwa vijiti. Nilipungua hadi kanga ikawa inanizunguka mara mbili, nywele zikakatika upande wa mbele. Kila nikiona karatasi, hata ya kufungia sukari, niligeuza uso.

Mwalimu Zuhura nilikutana naye mwezi wa saba, kwenye mkutano wa wazazi shuleni anakosoma mtoto wangu wa mwisho. Ni mtu wa Tanga, amehamishiwa huku na serikali, anafundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Alikuwa amesimama karibu na daftari la mahudhurio. Nilikuwa nimeandika jina langu kiganjani tangu nyumbani, na nikawa nalichora daftarini nikichungulia kiganja. Nilipoinua uso alikuwa ananitazama. Wote walipoondoka akaniambia kwa ule upole wa watu wa pwani, "Dada yangu, samahani. Hebu kaa nami kidogo."

"Siwezi kukaa," nikamwambia.

"Basi tusimame."

Tulisimama. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, nilichelewa kusema? Je, nachanganya kulia na kushoto? Je, nikisoma maneno yanachosha hata nikiyajua? Je, kwetu kuna mwingine? Nilijibu huku natembea, na kila jibu lilikuwa ndiyo, na katikati nikakumbuka baba yangu, aliyekuwa akimpa kila barua mtu mwingine kwa kisingizio cha vumbi la macho. Baba aliyepiga marufuku Kisukuma.

"Ina jina," Zuhura akasema. "Disleksia. Umezaliwa nayo. Haina dawa ya kumeza wala sindano, na si ujinga."

"Niandikie karatasi."

"Mimi si daktari, siwezi kukuandikia."

"Basi jina la bure lina faida gani?" Nilimfokea, mgeni wa watu. Nikatoka nikapiga mlango. Jumamosi iliyofuata nikarudi, akaufungua, akanipisha.

Hiyo ndiyo tiba yangu, Jumamosi kwa Jumamosi. Mbili za kwanza sikushika kalamu, tulimwaga mchanga kwenye sinia nikachora herufi kwa kidole, naitamka huku naichora. Ya tano nililia. Ya sita nilisoma jina la Milembe bila kulijua mapema, Zuhura alikuwa ameliandika katikati ya mengine kwa sababu nilikuwa nalitaja mno. Ya tisa sikusoma chochote, ilikuwa siku mbaya, Zuhura akatengeneza chai. Akanionyesha pia namna ya kuifanya simu inisomee ujumbe. Niliporudi nyumbani nikamfanya Masunga anitumie ujumbe akiwa amekaa pale pale. Simu ikasema kwa sauti yake ya ajabu, "Ugali uko wapi?" Masunga akacheka mpaka akafuta macho. Usiku wa hasira yake uliishia hapo, nashukuru.

Lakini Milembe alibaki.

Kikao cha tatu kilikaa mwezi wa tisa, watu wakiwa wamemaliza kung'oa na kuchoma masalia ya pamba. Nilikwenda na Zuhura. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili kizuri kupita kiasi, na niliona nyuso za wazee zinafunga taratibu. Maduhu akasema, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini wewe umemjua lini? Mwezi wa saba. Sisi tunaye miaka kumi na tisa."

Ndipo mama mkwe akakohoa. Ni mama mzito, hasemi vikaoni, na wala hakusimama.

"Mimi najua," akasema. "Huyu hajui kusoma. Nilijua tangu mwaka wa pili wa kuolewa kwake. Kanisani nakaa nyuma yake. Wenzake wakifunua ukurasa, yeye anafunua baada yao. Siku nyingine kitabu kimegeuka juu chini, naye anaimba tu. Mwanangu Maduhu, nisingeficha mtu aliyeua shamba linalowalisha wajukuu wangu. Alikosea."

Mama mkwe hajawahi kusema uongo wa kumpendelea mkamwana, hilo ukoo mzima unalijua. Baba mkubwa akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Basi, yameisha."

Mngetegemea nilimwangukia miguuni. Hapana. Nilisimama nikapandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. "Mayu, miaka kumi na saba umejua! Ungeniambia mara moja tu, ningemwomba mtu anisomee ile chupa. Pamba ya Milembe ingekuwepo. Kwa nini ulinyamaza? Hata vikao viwili vimepita umenyamaza!"

Akanijibu akiwa amekaa vilevile, "Mimi sikusoma kabisa, hata siku moja. Wewe ulikuja hapa umesoma la saba. Nikuambie nini? Nikwambie mimi, nisiyejua, kwamba wewe hujui?" Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nilidhani hutaki nijue. Nilikuwa nakutunzia."

Nilikaa chini. Nilikaa kweli, kwenye vumbi, mtu asiyeweza kukaa. Aliniheshimu, na mimi nilijiheshimu, na heshima hiyo yote ikamwagikia shamba la mtu mwingine. Nikamshukuru, "Wabeja, mayu," lakini ilichukua siku nyingi kabla sijaimaanisha. Nilipoinua kichwa kumtafuta Milembe, alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo wewe unayesikiliza, nakwambia kwa haraka kabla sijapoteza ujasiri: sema. Usisubiri mpaka iwe utetezi, maana wakati huo hautaaminiwa. Na wewe unayekaa nyuma ya mtu na unaona, usimtunzie. Mwite pembeni umwambie. Mimi sijapona na sitapona. Nasoma mistari minne, mitano, kisha napumzika. Nikichoka au nikiwa na haraka maandishi yanarudi kuwa mageni, na Zuhura anasema nikizeeka nitachoka upesi zaidi. Sawa. Uchovu naujua.

Mwezi wa pili mwaka huu tulipanga foleni kuchukua dawa za pamba. Nilipofika mbele, nikapewa chupa yangu, mwili wote ukaanza ile kazi yake ya zamani ya kutafuta mlango. Nikasema kwa sauti, ili nisiweze kurudi nyuma, "Ndugu yangu, nisomee hii. Mimi maandishi yananishinda."

Mgawaji wa dawa akaduwaa, hajui acheke au afanyeje. Mkono ukatokea nyuma yangu ukanyang'anya chupa. Ulikuwa mkono wa Milembe. Tangu kisimani ulikuwa umetimia mwaka mzima hajanisemesha.

Hakunitazama. Alianza kusoma kwa sauti ya kanisani, kuanzia juu kabisa: jina la dawa, wadudu wake, kipimo cha bomba moja, namba za kiwandani, anwani, hata yale maandishi madogo ya ubavuni ambayo hakuna binadamu anayeyasoma. Foleni nzima ilimsubiri. Alipofika mwisho akapandisha sauti:

"Weka mbali na chakula, watoto, mifugo, na Kulwa."

Watu waliangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikajikuta nalia, na Milembe hakuniambia ninyamaze. Alichukua dawa yake, akatia chupa zote mbili kwenye mfuko wake. Bomba langu nililokuja nalo lilikuwa chini. Niliinama kulibeba kama kawaida yangu, akaniwahi, akalivaa mgongoni.

"Yaya, hapana," akasema. "Mwaka huu wewe utachota maji."